Mwavuli Ambao Mama Pasi Hakuufungua Tena

Mgeni akiambiwa anapelekwa karakana ya jeshi la anga hutegemea kukuta nyundo, mafuta meusi sakafuni na wanaume wanaogombana na injini. Akifika kwenye karakana ya Mama Pasi hushusha sauti mwenyewe bila kuambiwa. Ni ukumbi mmoja wenye meza ndefu mno, zilizopanguswa mpaka zinateleza. Madirisha yamewekwa juu kabisa ili mwanga uingie na vumbi libaki nje, na pembeni kuna chumba chembamba kilichokwenda juu, ambamo parachuti hutundikwa zikauke. Wenyewe hawasemi parachuti. Wanasema mwavuli, na wao ni wakunjaji.

Mama Pasi aliitwa hivyo kwa sababu mikunjo yake ililala kama imepigwa pasi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwa karani wa mishahara, na hata ukimwita kwa jina hilo alichelewa kuitika. Alikuwa mfupi, mnene wa kadiri, mwenye viganja vipana na kucha zilizokatwa mpaka zikakaribia nyama, maana kucha ndefu hukwaruza kitambaa. Aliingia jeshini akiwa msichana mwenye nia ya kuendesha magari makubwa. Siku za mwanzo wakawapeleka uwanjani kuangalia zoezi la kuruka. Akaona nukta inadondoka kutoka kwenye ndege, akashika kichwa, akajua huyo basi tena. Mara juu ya ile nukta kikachanua kitambaa, nukta ikapunguza kasi yake, ikageuka kuwa mtu, na mtu mwenyewe akatua majanini akaomba maji ya kunywa. Msichana alisahau kufunga mdomo. Kitambaa na kamba tu, hakuna kingine. Habari ya magari makubwa ikaishia hapohapo, ingawa baadaye aliolewa nayo, kwani mume aliyempata alikuwa dereva wa gari la kubeba mafuta ya ndege.

Sasa, karakana hiyo ilikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyekumbuka ulianzishwa na nani. Kila mwaka, kabla ya mvua, mkuu wa karakana hupita mbele ya rafu inapopangwa miavuli iliyokwisha kukunjwa. Hutembea polepole, mikono nyuma, kama mtu aliyetumwa sokoni na hana haraka ya kurudi. Ghafla hunyoosha mkono akagusa mfuko mmoja wa kila mkunjaji. Ukishaguswa umeguswa. Mikono iliyoukunja ndiyo itakayoufunga mgongoni, na mwenye mikono hiyo atapanda ndege aruke nao. Waliuita Mguso. Anayekataa Mguso halaumiwi wala hafungwi, ila mezani harudi. Asiyeruka hakunji.

Kwa hiyo watu wa karakana ile hawakuwa na mzaha na kazi. Hata walijijengea imani yao wenyewe. Waliamini kwamba mkunjaji ambaye moyo haumdundi anapofunga mfuko ameanza kuzoea, na mkunjaji aliyezoea ni hatari kuliko panya kwenye rafu. Moyo kudunda mezani ilikuwa heshima. Walijulishana kabisa, leo umenidunda vizuri, jana haukunidunda nikaogopa.

Ndiyo sababu moyo wa Mama Pasi ulipoanza vituko vyake hakumwambia mtu, tena alijisikia fahari kidogo. Ulianza siku moja anachomeka pini ya mwisho. Moyo ukaruka, ukasimama, ukakimbia, ukasimama tena, kama kuku aliyefungiwa kwenye kikapu. Mama Pasi akautazama ule mfuko mbele yake. Akajisemea, moyo umeona kitu ambacho macho hayakuona. Akaufungua wote. Akatandaza kitambaa, akanyoosha kamba moja moja, akahesabu vifuko vya mchanga, vile vidogo vinavyowekwa juu ya mikunjo isifumuke, ambavyo kimoja kikisahaulika ndani kinaweza kumuua mtu. Vyote vilikuwepo. Hakuna kilichokosewa. Akaukunja upya.

Ikawa ndiyo tabia. Moyo ukicheza, mwavuli unafunguliwa. Wakati mwingine ulicheza asubuhi nzima, na Mama Pasi alishinda anakunja na kukunjua kitu kilekile hadi viganja vikawa vyekundu. Akipanda ngazi ya chumba cha kuanikia alifika juu akihema, ameshika ukuta. Alidhani ni umri. Akilala ubavu wa kushoto alisikia kifua kinagongagonga ovyo, akageukia kulia. Kwa mumewe hakusema kitu, naye ni mtu wa maneno machache, alimwona tu anakonda akadhani anajizuia kula.

Aliyekosa subira ni wifi yake. Hapa lazima nieleze. Meza ya jirani ilikuwa ya wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke mrefu mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Sheria ya karakana inataka kila hatua ya kukunja ikaguliwe na mtu wa meza ya pili kabla hujaenda hatua inayofuata. Basi kwa umri wote wa kazi yao, aliyeinama juu ya mikunjo ya Mama Pasi ni wifi mtu. Na katika umri wote huo wifi mtu hakuwahi kutamka neno vizuri. Alitazama, akapitisha kidole, akasema "haya". Haya maana yake endelea. Hapo ndipo sifa zake zilipokomea, na ukidai zaidi utangoja sana.

Alipoona mifuko inafunguliwa na kufungwa bila sababu, alimuuliza Mama Pasi kama anatafuta pete aliyodondosha. Siku nyingine alimuuliza kama siku hizi haiamini mikono yake au anayaona macho ya mkaguzi kuwa ya bandia. Mama Pasi alijikaza kisabuni, akamjibu kwamba moyo wake ulikuwa haujatulia juu ya mwavuli ule. Wifi akanyamaza. Kwa jibu kama hilo, katika karakana ile, hata mwenye ulimi hunyamaza.

Ukakaribia Mguso, na kabla ya Mguso wakunjaji wote hupimwa afya. Nesi wa zahanati ya kambi alimshika Mama Pasi kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akakunja uso. Akashika mkono wa pili. Akamwambia akae apumzike, akarudi, akashika tena. Kisha akatoka, akarudi na daktari, mwanamke mwenye nyota mabegani na viatu visivyotoa mlio. Mama Pasi akawaeleza, kwa utulivu kabisa, kwamba wasihangaike, huo ni moyo wa kazi. Wao wakunjaji wote wako hivyo. Daktari hakucheka. Alimwuliza tangu lini, na mdundo huo unakuja akiwa mezani tu au hata akiwa amekaa nyumbani, na ngazi anapanda vipi. Kadiri alivyojibu ndivyo Mama Pasi alivyojisikia anajibu habari za mtu mwingine.

Wakamlaza, wakambandika waya kifuani, mashine ikatema karatasi yenye mistari. Daktari akamwonyesha. Karatasi ya mtu mwenye afya ina vilima vinavyofuatana kwa nafasi sawa. Vya Mama Pasi viwili vilibanana, kimoja kilikaa mbali peke yake, vitatu vikakimbizana.

Daktari akamweleza kwa lugha ya kambini. Moyo una vyumba vinne na hufanya kazi kwa umeme wake wenyewe. Kuna sehemu moja ndogo inayotoa amri, na vyumba vyote hufuata, kama gwaride. "Wako una makamanda wengi mno," alisema. "Kila upande unatoa amri yake. Vyumba vya juu vilitakiwa kukamua damu kwa pamoja, sasa vinatetemeka tu. Damu inatuama kwenye kona. Ikituama inaweza kuganda, na donge likitoka likapanda kichwani, ni kiharusi."

Mama Pasi akauliza kama si woga. Daktari akasema woga huukimbiza moyo, lakini moyo unaokimbia kwa woga unakimbia kwa mpangilio. Huu ulikuwa umepoteza mpangilio, na hauhusiani na alichokuwa amekishika mkononi.

"Kwa hiyo ile miavuli," Mama Pasi akasema, "haukuwa unaniambia kitu?"

"Ulikuwa unakwambia uje hapa."

Kisha wakamwingiza chumba cha pili, chenye giza kidogo, daktari akampaka mafuta ya baridi, akakandamiza kifaa kifuani, na kwenye kioo kikatokea kitu cha kijivu kinachohangaika. Ndio huo moyo wenyewe. Mama Pasi alikuwa ameruka angani na kitu kile, amezaa nacho watoto, amegombana nacho na wifi yake, na hakuwahi kukiona. Sehemu ya juu ilitetemeka kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka, sawasawa na alivyoambiwa. Lakini macho yake yalikwenda chini zaidi, kwenye vilango viwili vyembamba vilivyokuwa vinafunguka na kufungwa, vinafunguka na kufungwa, damu ikivisukuma kwa nguvu. Akaviangalia kwa jicho la kazi. Kitambaa chembamba namna ile kikisukumwa namna ile hupinduka, kila mkunjaji anajua, na mwavuli ukipinduka ni msiba. Akauliza mbona havipinduki.

Daktari akageuza kifaa kidogo, akamwonyesha kwa kidole. Vilango vile vilikuwa na nyuzi. Nyuzi nyembamba, nyeupe, zilizovishika kwa chini na kuvizuia visipinduke.

Mama Pasi akazifuata zile nyuzi kwa macho. Kitambaa na kamba. Ndani ya kifua chake mwenyewe, chini ya sare, chini ya mbavu, kulikuwa na kitambaa na kamba, vinafunguka na kufungwa tangu hajazaliwa, hata akiwa usingizini, hata akiwa anabishana, na hakuna mkono wa mtu uliowahi kuvikunja. Yeye aliyejiona hodari kwa kufungua mwavuli na kuukunja tena hadi jioni alijisikia mdogo sana juu ya kitanda kile, na udogo wenyewe haukumuumiza. Machozi yakamtoka, yakaingia masikioni kwa vile alikuwa amelala chali.

"Nani anazikagua hizi?" akauliza.

"Leo, mimi," daktari akasema.

Lakini daktari hakuwa amemaliza. Dawa zilikuwepo. Moja ya kupunguza mbio za moyo, nyingine ya kuzuia damu isigande, na hiyo ya pili ndiyo itakayomkinga na kiharusi. Anayeimeza, damu yake ikianza kutoka hukawia kusimama, hata ile inayovujia ndani. Kazi ya mezani anaiweza, kichwa na mikono havina tatizo. Kuruka kutoka kwenye ndege hapana, mwaka huu wala mwaka ujao. Taarifa ingemfikia mkuu wa karakana mwisho wa wiki. Mama Pasi alipokea dawa, akashukuru, akatoka nje akasimama juani. Asiyeruka hakunji. Alijiona kama aliyeambiwa achague kati ya meza na uhai, na ukweli ni kwamba kwa muda alisimama pale hajui anachagua kipi. Zile dawa hazikutoka kwenye mkoba siku hiyo.

Kesho yake alikuwa mezani kama kawaida. Alipewa mwavuli ambao mfuko wake una kiraka pembeni. Akatandaza, akanyoosha kamba, akapanga mikunjo. Katikati ya kazi moyo ukaanza, na haukuwahi kuanza kwa ukali kama siku ile. Kikapu kizima cha kuku. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Wifi yake akaja hatua ya kwanza, akapitisha kidole, akasema haya. Hatua ya pili, haya. Vifuko vya mchanga vikahesabiwa, vikarudi vyote kwenye ubao vinakotundikwa. Haya. Mama Pasi akachomeka pini, na kila kitu ndani yake kikamwambia fungua. Mikono ikasogea yenyewe.

Akaizuia. Akakumbuka kile kitu cha kijivu kinachotetemeka kwenye kioo, makamanda wengi wasio na habari yoyote ya mwavuli. Moyo wake haukuwa shahidi. Ulikuwa mgonjwa. Akaubeba ule mfuko wenye kiraka, akaupandisha kwenye rafu, akaenda kwenye bomba la maji nje ya karakana, akatoa dawa kwenye mkoba, akapiga moyo konde, akameza.

Mwisho wa wiki mkuu wa karakana akamwita. Si mtu mbaya, mkuu yule, ila ni mtu wa sheria, na uso wake haukuwa na mazoea ya kutoa pole. Alisema amesoma taarifa. Alisema kuna nafasi kwenye stoo ya mablanketi, kazi ya kukaa. Mama Pasi akasema ndiyo afande, akarudi mezani kwake kukusanya vitu, na hakukuwa na vitu vingi vya kukusanya, kwa hiyo akabaki anapangusa meza iliyokwisha kupanguswa. Wifi yake akamwangalia. Akauliza kuna nini. Mama Pasi akamweleza yote, mara ya kwanza anamwambia mtu nje ya zahanati, kuanzia kuku na kikapu hadi mablanketi.

Wifi mtu hakutoa pole hata yeye. Alitupa kitambaa cha kupangusia, akaenda na magoti yake mabovu hadi ofisini kwa mkuu, akaingia bila kubisha. Yaliyosemwa huko yalisikika nusu kupitia ukuta na nusu yakasimuliwa na karani kwa muda mrefu baadaye. Alisema amri ya Mguso haikuandikwa ili watu wapate upepo. Mkuu akakubali, akasema Mguso upo ili kila anayekunja awe na kitu cha kupoteza.

"Mimi ndiye kitu chenyewe, afande," wifi akasema. "Mwavuli wake niuruke mimi. Nikidondoka, mdogo wangu, mumewe, atamuuliza habari zangu mpaka kaburini, na mezani hatakuwa na wa kugombana naye."

Karani anasema mkuu alizungusha kalamu, kisha akasema atalipeleka kwa wakubwa. Wakubwa wakakubali.

Siku ya Mguso wakunjaji walisimama kando ya rafu wamenyooka. Mkuu akapita, mikono nyuma. Akagusa mfuko wa huyu, akagusa wa yule. Akagusa mmoja wa wifi. Alipofika kwenye rafu ya Mama Pasi akaipita, akarudi nyuma, akanyoosha mkono, akagusa wenye kiraka.

Kati ya yote, ule. Kufika alasiri wifi yake alikwisha kuruka wa kwake, amerudi anachechemea na kulalamika, na sasa alikuwa anajifunga wa pili mgongoni. Mama Pasi angeweza kunyamaza. Akamfuata hadi ukingoni mwa uwanja, akamshika mkono.

"Wifi, huo niliukunja siku moyo uliponisumbua kuliko siku zote. Na sikuufungua tena."

Wifi akaendelea kukaza mkanda. "Daktari alisema mgonjwa ni moyo au ni mwavuli?"

"Ni moyo."

"Mimi nilikuwa nimesimama pale," wifi akasema. "Nilitazama mikono yako. Mikono haikutetemeka." Akaenda zake kwenye ndege.

Mume wa Mama Pasi ndiye aliyeijaza ndege ile mafuta. Alipomaliza aliegesha gari lake mbali kama inavyotakiwa, akaja akasimama karibu na mkewe, dada yake yuko juu na mwavuli wa mkewe mgongoni. Ndege ikazunguka mara moja, ikarudi. Nukta ikadondoka.

Lazima ieleweke kwamba Mama Pasi hakuwahi kuuona mwavuli wake ukifunguka. Askari wakiruka nao yeye alikuwa mezani, na kwenye Mguso yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa chini yake, na aliwahi kukiri kwamba hufumba macho. Sasa alikuwa ameyafumbua. Nukta iliendelea kushuka. Moyo ukaanza kucheza, ukaruka, ukasimama, ukakimbia, ukamwambia umekosea, umekosea, na safari hii Mama Pasi aliuacha useme. Akaweka mkono kifuani kama mtu anavyomtuliza mtoto mwenye homa, macho yake hayakutoka kwenye nukta.

Kitambaa kikatoka. Kikanyooka, chembamba, kama hakitafanya lolote. Kisha kikajaa. Kikajaa pote kwa mara moja, cheupe, kipana, kila mkunjo ukaachia kwa zamu yake, kamba zote zikakaza bila hata moja kupishana, na yule mwanamke mwenye ulimi mzima akaning'inia chini yake akiwa hai. Mama Pasi akakaa chini majanini bila kukusudia. Kitambaa na kamba. Alikuwa msichana tena, mdomo wazi, na mumewe alikuwa amemshika bega kwa nguvu hadi linauma.

Wifi akatua, akaanguka ubavu, akabaki amekaa huku anayasugua magoti. Mama Pasi akamfikia anahema. Wifi akamtazama usoni, kisha akamshika kifundo cha mkono, akaweka vidole kama alivyowaona manesi wakifanya, akatulia. Alisikiliza muda mrefu kuliko alivyowahi kukagua mkunjo wowote, na uso wake ukabadilika, maana aliyokuwa ameambiwa hakuwa ameyasikia kwa vidole. Mama Pasi akajua amesikia, vile vilima vilivyobanana na kile kimoja kilichokaa mbali.

"Ndivyo ulivyo hivi siku zote?"

"Siku nyingi."

"Na unakunja nao?"

"Nakunja nao."

Wifi hakuachia mkono. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, naye hakuyafuta kwa sababu hakutaka ionekane anayafuta. Akatazama kile kitambaa cheupe kilichotandaa majanini, kinapumua kidogo kwa upepo.

"Haya," akasema.

Mama Pasi akamwinua, na wote wawili wakaanza kukusanya kamba kabla kitambaa hakijalowa umande.